Cheche za Pasi

Kitambaa Mama Pindo aliletewa na mpambe wa mgombea udiwani, asubuhi, kimefungwa kwa kamba ya katani kama mzigo wa kuni. Mpambe alikitupa juu ya meza ya kukatia, akafuta jasho kwa kofia ya kampeni, akasema bila salamu:

"Vishati vitatu, Mama Pindo. Vya wanao wenyewe. Mheshimiwa anasema visiwe na mikono."

"Mikono mifupi?"

"Hapana. Mikono isiwepo. Kwapa wazi, watu wauone mkono mzima kuanzia bega. Jumamosi watoto wanapanda jukwaani."

Mama Pindo alikuwa ameshika chaki. Akaendelea kuishika. "Kwapa wazi," akarudia, kama mtu anayepima maneno kwa futi.

"Nyumba isiyojua sindano, mama! Mtaa mzima unaugua surua, kwako kimya. Mheshimiwa anataka watu wajionee." Mpambe akachukua kofia yake na kwenda zake.

Mtu mgeni angeshangaa kilichomfanya fundi yule akae chini. Kazi ilikuwa nyepesi, na malipo ya kampeni ndiyo yaliyokuwa yanapika chakula cha nyumba ile msimu huo. Lakini wateja wake wa siku nyingi wangeweza kukwambia jambo moja. Kwa wengine alishona chochote walichotaka, mgongo wazi, bega moja, mpasuo mpaka anapoogopa Mungu. Watoto wake mwenyewe hajawahi kuwashonea nguo isiyofika kiwiko. Jua likiwaka, mvua ikinyesha, mikono ya watoto wale imefunikwa. Wengine waliita heshima. Wengine walisema ni fundi anayejivunia vitambaa vya watu.

Chini ya mikono ile, kwenye bega la kulia la kila mtoto, kulikuwa na kovu dogo la mviringo, limebonyea kidogo katikati, kama mahali palipobanwa kwa kifungo cha shati.

*

Mumewe walimwita Kipaza. Kazi yake ilikuwa sauti. Alipita mitaani na kipaza sauti begani akitangaza misiba, mechi, mbuzi waliopotea, bomba litakapokatwa na litakaporudi. Kila tangazo alilimalizia kwa maneno yaleyale: "Mwenye masikio amesikia, asiye nayo amuulize jirani!" Watoto walimfuata wakiyaimba.

Msimu ule sauti yake ilikuwa ya mgombea mmoja tu, na hakuikodisha kwa njaa peke yake. Mgombea alikuwa rafiki yake tangu ujana. Watu walimwita Daraja, kwa sababu alilijenga. Zamani korongo lilikata mtaa ule na upande wa pili, uliko zahanati, shule na soko. Mvua ikinyesha watu walivuka kwa magoti. Mama mmoja alijifungulia ukingoni pale, amefunikwa mwavuli. Serikali ilikuja ikapima, ikaja tena ikapima, mpaka wapimaji wakawa kama wageni wa kawaida. Daraja, aliyekuwa mkandarasi wa majengo madogo, akaleta saruji yake, nondo zake na vijana wake, akajenga. Hakuandika jina lake mahali popote. Misibani alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Mwizi hakuwa.

Alikuwa na jambo moja tu. Mtoto wake wa kwanza alidungwa chanjo, na kabla wiki haijaisha akafa kwa homa. Zahanati walisema malaria. Yeye alisema sindano. Nani atabishana na mtu aliyeshika jembe kaburini? Siku ile Kipaza, mikono yake ina udongo, alisema mbele ya watu: "Ndugu yangu, wako amekwenda. Wangu hawataguswa na kitu kile, naapa."

Kilikuwa kiapo cha huzuni, na viapo vya huzuni watu huviacha vifie makaburini. Hiki kilirudi na watu mtaani. Kikawa sifa. Kila surua ilipotajwa, mtu alisema: "Mbona kwa Kipaza hawachanji na wako hai?"

Lakini ndani ya nyumba ile alikuwamo mama yake Kipaza, Bibi, aliyekwisha kuzika watoto wawili wa surua kabla ya zahanati kuwapo. Hakumgombeza mwanawe. Alimwambia mkwewe tu, wakichambua mboga: "Kiapo ni chake. Wajukuu ni wangu." Siku za soko wakabeba kikapu, na ndani ya kanga, mtoto, wakapitia zahanati. Sindano ya surua haiachi alama. Ile ya kwanza kabisa, ya kifua kikuu, ndiyo inayoacha, na mwenye kovu lile kwa kawaida ameziendea na zilizofuata.

"Hiki nini?" Kipaza aliuliza alipomkausha mtoto wa kwanza.

"Cheche ya pasi," akajibu mkewe. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, na kweli ilirusha cheche.

Wa pili, akauliza tena, akajibiwa vilevile, akasema pole. Wa tatu, kitindamimba waliyemwita Kishikizo, Kipaza alilitazama kovu, akaitazama pasi, akalitazama tena kovu.

"Pasi hii," akasema, "ina shabaha kuliko askari."

Hakuuliza tena.

*

Siku ileile ya kitambaa, jua limegeuka, Muuza Mkaa akaja. Alikuwa shoga wa Mama Pindo, jirani wa ukuta mmoja. Mkaa wa pasi ulitoka kwake na viraka vya nguo zake vilitoka hapa. Safari hii hakuleta mkaa. Alisimama mlangoni, kanga imemdondoka bega moja.

"Shoga, nipe siri."

"Siri ya nini tena? Karibu ndani."

"Sikai. Wangu anawaka tangu juzi, vipele mwili mzima, macho yameganda hayafunguki. Wako wanaruka kamba hapo nje. Sindano haijaingia humu, na mimi nilifuata nyumba hii, shoga. Nilimsikia shemeji kwa masikio yangu akitangaza. Sasa niambie, mnawapa nini? Mizizi? Majani? Nitachemsha chochote."

Cherehani ilikuwa inazunguka. Ikasimama. Nyuma ya pazia Bibi alikohoa, kikohozi cha mtu asiyeumwa.

"Mpeleke zahanati," Mama Pindo akasema.

"Huko kwenye sindano?"

"Mpeleke! Lete nikubebee."

Akamchukua mtoto mwenyewe, akamfunga mgongoni, na joto la yule mtoto likapenya gauni kama pasi iliyosahauliwa. Walivuka daraja wakikimbia.

Muuguzi alikuwa mama mnene, mpole kwa watoto na mkali kwa wazazi. Alifungua macho ya mgonjwa kwa pamba na maji ya chumvi, taratibu.

"Alichanjwa huyu?"

"Hakuchanjwa," akasema Muuza Mkaa, na akajikaza kuongeza, "kama wa kwao huyu."

Muuguzi akamtazama Mama Pindo. Aliwadunga wale watatu yeye mwenyewe, tena Kishikizo alimtapikia. Akanyamaza, kwa sababu siri ya mgonjwa si mali ya muuguzi. Lakini alipotoka kuchukua dawa alimwita Mama Pindo kando, karibu na chumba chenye jokofu la chanjo.

"Unakiona chumba hiki? Daraja amesema akishinda kitakuwa ofisi ya vijana. Na fungu la jokofu atawekea taa za barabarani. Amesema hadharani, hakuficha, mkweli yule. Diwani ndiye anayekaa kwenye kamati yetu, dada. Akisema hakuna, hakuna."

"Mimi ni fundi nguo tu."

"Sijakuuliza kazi yako," akasema muuguzi.

*

Walikula jua halijazama. Kipaza alikuwa na furaha, sauti imekauka kwa kampeni.

"Uwanja utajaa Jumamosi! Watoto wangu jukwaani, mbele ya watu wote. Baba yangu angekuwapo angelia."

"Angelia kweli," akasema Bibi.

Mama Pindo akaeleza habari ya zahanati, ya chumba, ya jokofu. Kipaza alitafuna polepole.

"Sikilizeni," akasema. "Diwani si daktari. Simpigii kura anipime damu. Nampigia ajenge. Kila mtu ana jicho lake moja lisiloona, na lake ni hilo, nalo lilipofuka kwa machozi. Diwani anayemaliza muda wake ni msomi, vyeti vimejaa ukuta. Chanjo aliipenda, sayansi yote aliijua. Tukavuka korongo kwa magoti miaka yote. Uongo?"

"Kweli tupu," akasema Bibi. "Goti langu hili lina habari."

"Basi."

"Si basi," akasema mkewe. "Akija fundi, mkarimu, mcheshi, anafika misibani, lakini haamini futi. Anasema futi ni uongo wa wenye maduka. Utampa kitambaa chako akate?"

"Daraja si fundi nguo."

"Anakata vya watu. Mimi nikikosea nafumua. Mtoto aliyepofuka kwa surua unamfumua wapi?"

Kipaza alikasirika kidogo. "Kwa hiyo mtu mmoja, jambo moja, tulitupe daraja lote korongoni?"

"Sijasema hivyo."

"Umesemaje?"

"Nauliza vishati. Jumamosi wavae kwapa wazi, kama alivyoagiza?"

Mkono wa Kipaza ukasimama kati ya sahani na mdomo. Nje mtoto mmoja alikuwa akiimba, asiye nayo amuulize jirani. Kipaza akarudisha tonge, akanawa.

"Wewe ndiye fundi," akasema, akatoka.

*

Alishona mikono. Kitambaa kilichopimwa kwa vishati vya kwapa wazi hakikutosha, kwa hiyo alishusha gauni lake la sherehe, akalikata upindo, akapata mikono jozi tatu mpaka kwenye kiwiko. Alipanga la kusema: upepo, mafua, watoto wadogo. Mpambe atafoka, kisha atachoka. Watoto watapanda, watapungiwa, watashuka. Mume atabaki na kazi na yeye atabaki na mume. Kazi ilikuwa safi. Alivitundika ukutani na hakuweza kuvitazama.

Asubuhi ya Jumamosi alikwenda kumjulia hali mgonjwa. Homa ilikuwa imeshuka. Muuza Mkaa aliketi kitandani zahanati, mtoto mapajani, anampitishia kijiko mbele ya uso, huku na huku.

"Huku anakifuata," akasema bila kugeuka. "Huku hakifuati. Jicho hili lina ukungu. Muuguzi anasema tumshukuru Mungu lingine limepona."

Mama Pindo alisimama.

"Nashukuru," akasema Muuza Mkaa. "Nani hashukuru? Lakini nina wengine wawili nyumbani, shoga. Nisaidie kufikiri. Nikawachanje au niwaache kama wako?"

Kuna maswali ambayo mtu hawezi kuyajibu akiwa amesimama. Mama Pindo aliinama, akamshika yule mtoto mguu, akasema, "Njoo uwanjani leo mchana. Uje. Nitakujibu huko."

Alirudi nyumbani karibu mbio. Bibi alimkuta na wembe mkononi, vishati vimelala mapajani, anafumua uzi mmoja mmoja bila kuchana kitambaa. Mikono sita ilianguka chini. Bibi akaiokota, akaikunja vizuri.

"Mumeo je?" akauliza.

"Alisema mimi ndiye fundi."

"Alisema hivyo?" Bibi akacheka peke yake kwa muda. "Haya. Pinda hayo makwapa vizuri basi. Usitutie aibu mbele za watu."

*

Uwanja ulijaa. Watoto walifika na kanga ya Bibi begani, wamefunikwa wote watatu kama vifaranga. Daraja alikuwa amekwisha kusema ya barabara, ya taa, ya soko, na watu walimshangilia kwa haki, maana alizoea kutenda anachosema. Kisha akasema ya sindano. Sauti yake ikashuka. Akamtaja mwanawe. Wanawake wengi pale walitikisa vichwa na hawakuigiza.

"Msiniamini mimi," akasema. "Nimefiwa, nina uchungu. Aminini macho yenu. Kipaza, ndugu yangu! Shemeji! Leteni watoto."

Wakapanda. Mama Pindo akaiondoa kanga.

Daraja alimnyanyua Kishikizo, akauinua mkono wake wa kulia juu, mbele ya watu. "Mkono huu! Mkono ambao..." Hapo akaliona. Jua la mchana lilipiga bega lile na kovu likang'aa kama shilingi. Safu za mbele zilikuwa na kina mama, na mama hafundishwi alama ile. Minong'ono ilianza chini ikapanda. Daraja akamtazama wa kati. Akamtazama mkubwa.

Mpambe alimnong'oneza Kipaza akiuma meno: "Sema kitu! Sema ameungua!"

"Kipaza," akasema Daraja, na kipaza sauti kilikuwa karibu mno, kila mtu alisikia, "waambie watu, ndugu yangu. Hii ni nini?"

Kila mlango wa kutokea ulikuwa wazi kwa Kipaza. Neno lilikuwapo, tayari, limezoeleka nyumbani kwake kama kigoda. Alimtazama mkewe. Mama Pindo hakupepesa macho, na hakumsaidia. Alisimama pale kama mtu aliyekabidhi nguo kwa mwenyewe akasema, vaa tuone.

"Nyumbani kwangu," akaanza Kipaza, "tunaita cheche ya pasi."

Mpambe akashusha pumzi.

"Mke wangu ni fundi, pasi yake ni ya mkaa. Imeruka cheche ikampata wa kwanza, hapa. Ikaruka nyingine ikampata wa pili, hapahapa. Ya tatu ikamsubiri kitindamimba azaliwe." Watu wakaanza kucheka. "Jamani, mimi nimeishi na pasi hiyo. Haijasomea shabaha."

Uwanja ukalipuka. Kicheko kilipopungua hakukuwa na mzaha usoni mwa Kipaza. Alijiweka sawa, kifua mbele, kama anavyosimama njia panda.

"Tangazo! Tangazo! Limeonekana kovu la chanjo kwenye bega la mtoto wa Kipaza. La pili limeonekana. La tatu limeonekana. Niliyajua siku nyingi, nikanyamaza, nikawaacha mkanifuata. Watoto hawa wamechanjwa, ndiyo maana wamesimama hapa. Zahanati iko ng'ambo ya daraja na chumba cha chanjo kiko wazi..."

Mpambe alimpokonya kipaza sauti. Kisha, watu wote wakitazama, akamvua kofia ya kampeni kichwani, na kwa kuwa shati nalo lilikuwa la kampeni, akalivuta mpaka vifungo viwili vikakatika, likamtoka. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, akabaki na fulana yenye tundu. Watu wengine walicheka tena, kicheko kibaya.

Kipaza hakuinama kuficha lile tundu. Akavuta hewa, na bila chombo chochote, kwa koo lililokauka, akaufikia mtaa mzima:

"Mwenye masikio amesikia! Asiye nayo amuulize jirani!"

Watoto waliokaa juu ya ukuta waliitikia. Katikati ya watu, Muuza Mkaa alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Aligeuka akaondoka haraka, na aliyemjua angeona kwamba haendi nyumbani kukaa. Anaelekea nyumbani kwanza, kuchukua wawili, halafu darajani.

Mama Pindo alimfunika mumewe ile kanga. "Vifungo nitakushonea," akasema.

"Si shati langu," akasema Kipaza. Walishuka ngazi wote watano vichwa juu, na Bibi aliyekuwa chini akawapokea kama bwana harusi na wasindikizaji wake.

*

Siku ya pili jioni Daraja alikuja. Bila mpambe, bila gari. Alivua viatu mlangoni kama zamani. Mama Pindo alimpa kiti na hakujua amwangalie wapi.

"Uliniapia kaburini kwa mwanangu," Daraja akamwambia Kipaza.

"Niliapa."

"Ungeniambia chumbani. Si pale."

"Ningekwambia chumbani, kaka, ungenisamehe chumbani. Halafu chumba cha zahanati ungekifunga." Kipaza alikuwa na sauti ndogo ya mtu aliyepoteza kazi. "Nisamehe aibu. Maneno siyafuti."

Daraja akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua: "Kura zenu nimezikosa?"

Ni Bibi aliyejibu. "Mwanangu, mimi daraja lako nalivuka kila wiki na dua naomba kila nikilivuka. Sasa nikuulize. Linakwenda wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo kuna nini?"

Daraja alivitazama viatu vyake pale mlangoni.

"Uliona watu wanakufa ukingoni wakitafuta zahanati, ukawajengea njia. Ukiifunga zahanati, umetujengea njia ya kwenda wapi? Kupunga upepo?"

Kishikizo alikuwa akicheza na vipande vya kitambaa chini ya meza. Daraja akamwita, na mtoto akaja bila woga, kwa sababu mtu yule alizoea kumletea pipi. Daraja akaugeuza mkono wa mtoto kwenye mwanga, akaligusa kovu kwa ncha ya kidole, taratibu sana.

"Iliuma?"

"Sikumbuki," akasema Kishikizo.

Daraja aliinuka, akavaa viatu. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Hakuna aliyewahi kuniuliza linakwenda wapi."

*

Alishinda, lakini kwa pumzi ya mwisho. Katika nyumba ile Bibi alimpa kura, na alisema wazi kwamba goti ndilo lililopiga. Mama Pindo alimnyima. Alisema atamshukuru kwa daraja kila siku ya maisha yake, lakini mkasi hampi asiyeamini futi mpaka aone amepima. Kipaza alikataa kusema, na mpaka leo wanamtania. Walikula sinia moja kama kawaida.

Chumba cha jokofu hakikuguswa. Diwani hakukisifu wala hakukisema vibaya tena. Muuguzi anasema siku moja alifika peke yake, akasimama mbele ya jokofu, akauliza kama lina umeme wa akiba. Kwa Mama Pindo hilo lilitosha kuanzia, halikutosha kumalizia.

Kipaza alikosa wateja kwa muda, kisha misiba na mbuzi vikamrudisha. Siku za chanjo anatangaza bure, na mbele yake anatembea mtoto wa Muuza Mkaa, jicho moja lina ukungu, ndiye anayepiga debe.

Asubuhi moja ya siku kama hiyo Mama Pindo alikuwa akipuliza pasi, Kishikizo karibu, kwapa wazi. Mkaa ukalia, cheche ikaruka, ikaanguka sakafuni mbali na kila mtu, ikazimika.

"Umeona?" Bibi akamwambia mjukuu. "Miaka yote hiyo pasi haijawahi kumuunguza mtu."

Sauti ya Kipaza ilikuwa imefika darajani.